Kipaza na Wasiokuwepo

Kwao walimwita Kipaza, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Mtu anayefundisha Kiingereza watoto sabini na watatu katika chumba kimoja, sauti ya kunong'ona angeipata wapi? Alipopata kazi ugenini, chekechea yenye watoto kumi na wawili tu, shangazi yake alicheka mpaka akashika mbavu.

"Wewe? Kwa watu wakimya wale? Utarudi kabla mche wa sabuni haujaisha!"

Kipaza akatia mche mzima wa sabuni kwenye sanduku, makusudi.

Basi akafika. Jamani, kimya gani kile! Siku ya kwanza alisalimia kwenye lifti ya jengo alilopanga, watu wakatazama viatu vyao. Siku ya pili akasalimia tena, viatu vikatazamwa tena. Jirani wa mlango wa pili alimjua kwa kikohozi tu. Kwao usipofungua mlango mpaka saa mbili asubuhi, mtu atakuja kugonga kwa kisingizio cha kuomba chumvi, kumbe anataka kujua kama u mzima. Huku mlango wake haukuwahi kugongwa hata mara moja. Kwenye simu alimwambia shangazi kwamba mambo ni shwari. Uongo mtupu, alikuwa mpweke mpaka anaongea na birika.

Darasani ndiko alikopumua. Viti vya rangi, meza za kumfika magotini, makamasi ya kila namna. Watoto Kiswahili hawakijui, naye lugha yao aliijua ya kuombea maji. Nyimbo za Kiingereza waliziimba vizuri, lakini ukimuuliza mmoja swali, kidole kinaingia mdomoni. Aliyemtia huruma zaidi ni binti mmoja ambaye kimoyomoyo alimwita Kibogoyo. Meno ya mbele hana, na neno halimtoki, hata la kuimba.

Jambo moja Kipaza hakuliacha: kuita mahudhurio. Kule kwao, kati ya wale sabini na watatu, mtoto mmoja aliwahi kukosekana siku tisa naye asijue, mpaka mama wa mtoto alipokuja kumwambia kuwa mwanawe amelazwa. Hakujisamehe. Tangu siku hiyo, jina lisipoitikiwa, darasa zima linauliza kwa pamoja: Yuko wapi? Anaumwa? Nani kamwona? Na hakuna kuendelea mpaka mtu ajibu. Huku akafanya vilevile, kwa Kiingereza, na makofi juu.

Mwalimu mkuu alikuja kukagua, miwani puani, jicho kwenye saa. Siku hiyo watoto wawili hawakuja. Dakika kumi na mbili zikaishia kuwauliza hao wawili.

"Mwalimu, fundisha waliopo," alimwambia baadaye ofisini. "Miezi yako mitatu ya majaribio inaisha Ijumaa, na watoto bado hawazungumzi Kiingereza. Ningeandika ripoti leo, ningeandika urudi kwenu."

"Nisubirie hiyo Ijumaa, mama. Nakuomba."

Jumatano homa ikamwangusha. Alituma ujumbe shuleni kwamba anaumwa, akajifunika blanketi gubigubi. Alhamisi hali ileile. Akakitazama kipande cha sabuni pale kwenye sinki, bado kinatosha kufulia wiki mbili, akalia. Shangazi alikuwa ameshinda.

Saa nne hivi, mlango ukagongwa.

Kipaza alidhani ni homa. Ukagongwa tena. Akajikokota, akafungua. Mwalimu mkuu huyo hapo, anahema, miwani imepanda kwenye paji la uso, simu mkononi.

"Nimetumwa," alisema.

"Na nani?"

"Na darasa lako! Tangu jana hawataki kufundishwa. Wanauliza uko wapi, nawaambia nyumbani. Wanauliza kama unaumwa, nawaambia ndiyo. Nikafikiri yamekwisha. Kumbe kuna swali la tatu, nani kamwona. Nitajibu nini, wakati hakuna aliyekuona? Na wanauliza kwa Kiingereza, tena bila wimbo!" Akavua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na uchafu. "Hata mimi sikuwa nimefikiri kuuliza. Nisamehe. Ripoti nimeiandika asubuhi hii. Ukipona uje, na uendelee kuja."

Mwalimu mkuu akageuza simu. Kwenye kioo vichwa kumi na viwili vilikuwa vinasukumana, mwalimu msaidizi nyuma yao anajaribu kuwapanga, bila mafanikio. Kisha uso mmoja ukawapita wote, ukasogea mpaka ukajaa kioo kizima, pengo limeachama.

Kibogoyo alimtazama mwalimu wake, nywele timtim, blanketi begani. Akawageukia wenzake, akapaza sauti kwa Kiingereza kilichonyooka:

"Nimemwona!"