Mkalimani Wangu Mdogo

Nilizoea kujivunia binti yangu. Alikuwa na miaka tisa, na sokoni Kamembe, upande wa Rwanda mpakani na Kongo, aliongea Kinyarwanda na wauza viazi, Kiswahili na akina mama wa Bukavu, Kifaransa na mwalimu wake. Nyumbani aliongea Mashi na mama mkwe wangu, ambaye hakujua lugha nyingine. Mimi Mashi sikujifunza. Niliona mtoto anatosha.

Mama mkwe alipopata kidonda cha mguu kisichopona, nilimpeleka hospitali pamoja na binti yangu ili atutafsirie. Daktari akatueleza kwa Kinyarwanda kwamba mguu lazima ukatwe. Bibi alimtazama mjukuu wake, akingoja.

"Mwambie," nikasema.

Mtoto alimshika bibi mkono, akaongea polepole. Hadi leo sijui alichagua maneno gani. Bibi alimvuta kifuani wakalia pamoja, mimi nikiwa nimesimama kando kama mgeni.

Tukirudi nyumbani binti yangu aliniuliza, "Maman, juu ya nini weye haukujifunza Mashi?"

Jioni nilimwomba anifundishe kumpa bibi yake pole. Alinifundisha, lakini bila kunitazama usoni.