Kope za Mama Vifungo

“Mama Vifungo, hizo kope umembandikia nani?”

Swali hilo aliwahi kulirusha jirani kwenye foleni ya maji, ndoo ziko chini, masikio ya wanawake yako juu. Kicheko kikalipuka. Mjane mtu mzima, jicho moja lina kope ndefu nyeusi kama za mwanasesere, jingine liko kama Mungu alivyoliumba! Naye alicheka nao, akajitwisha ndoo yake, akaenda zake.

Leo asubuhi ameketi mlangoni pa chumba chake, penye mwanga, shati jeupe la shule liko mapajani. Anatia uzi kwenye sindano. Uzi unapita pembeni. Anaulamba, anajaribu tena. Akiitwa kutoka kushoto hageuzi macho, anageuza kichwa kizima, kwa kuwa jicho la upande huo halioni tena.

Mafundi cherehani humletea mashati yaliyokwisha kushonwa, yeye anatoboa matundu na kukaza vifungo kwa mkono. Kazi hiyo ndiyo iliyomlelea mwanawe wa pekee tangu mumewe afariki, na ndiyo iliyompa jina.

“Kifungo changu hakidondoki,” anasema. “Shati litachakaa, chenyewe kipo tu.”

Miaka mitatu iliyopita daktari alimwambia ana presha ya macho kwenye jicho la kushoto. Ugonjwa huu hauumi. Unaanza kula pembeni, taratibu, na kilicholiwa hakirudi. Akapewa dawa ya matone, tone moja kila jioni, maisha yake yote. Chupa moja humlia malipo ya vifungo vya mashati arobaini.

“Daktari alinionya kwamba kope zinaweza kurefuka. Nikasema moyoni, kope tu? Afadhali kope kuliko giza.”

Zikarefuka kweli. Zikawa nene, zikapinda juu. Wasichana wa saluni wakamsimamisha njiani kumuuliza anapaka nini. Kule kwenye maji wakasema mjane kapata mtu.

Mbona hakuwaeleza ukweli? Anaweka sindano chini kwanza.

“Nani atamletea shati mgonjwa wa macho? Fundi akisikia tu, kesho kazi imehamia kwa mwingine. Nikaona heri waseme nina bwana.”

Ya mtaani aliyavumilia. Ya nyumbani ndiyo yalimshinda. Jioni moja mwanawe, ambaye hupaka magari rangi, alirudi kutoka kazini amenuna, akala bila kumtazama.

“Mama, watu wanasema,” alimwambia. “Baba angekuwa hai ungejiremba hivyo?”

“Ni dawa, mwanangu.”

“Dawa gani hiyo ya kumrembesha mtu jicho moja?”

Kesho yake alizipunguza kwa mkasi wa kukatia uzi. Visiki vilivyobaki vikamchoma kutwa, jicho likawa jekundu, likachuruzika machozi, majirani wakasema analia kwa kuachwa. Basi akaacha dawa. Kope zikarudi kuwa fupi kama zamani, mtaa ukanyamaza, mwanawe akaanza tena kula huku akipiga soga. Na jicho halikumuuma hata siku moja.

“Nilikuwa namshukuru Mungu kwa amani ile,” anasema. “Kumbe nashukuru huku nazimika.”

Aligundua siku vumbi lilipomwingia jicho la kulia. Alilifumba alisugue, na mlango uliokuwa mbele yake ukatoweka.

Hospitalini daktari aliuliza kama alikuwa akitumia dawa. Mwanawe alikuwa amekaa kando yake. Mama akajibu kwamba alikuwa akisahau. Tangu hapo kijana humtania kwa jina la Msahaulifu, na kila jioni humpigia simu kumkumbusha.

Mafundi wawili wamekwisha kuhamisha kazi zao. Sasa presha imepanda kwenye jicho la kulia pia, hilo lililobaki, na tone la jioni linaingia humo. Kope za kulia zimeanza kurefuka.

Mchana mwanawe anapita nyumbani, vidole vina madoa ya rangi. Jumamosi watu wa kwa mchumba wake wanakuja kujitambulisha. Anasalimia, anainama kumtazama mama yake usoni.

“Mama, zimeanza tena,” anasema kwa sauti ya chini. “Ruka dawa siku hizi chache, wakwe wapite. Si kawaida yako kusahau?” Anacheka kidogo.

Mama anakata uzi kwa meno.

“Sikusahau, baba. Hata siku moja sikusahau. Niliacha, pale ulipomtaja marehemu.”

Kicheko kinamkauka kijana mdomoni. “Lakini daktari ulimwambia…”

“Ulikuwa umekaa pale pale. Ningekutwisha mzigo huo mbele za watu?” Anatafuta tundu la kifungo kwa ncha ya kidole. “Jumamosi nitawapokea na kope zangu hivi hivi. Wakicheka, na wacheke. Nataka nimwone mkweo nikimpa mkono. Nataka nimwone mke wako, na mjukuu Mungu akijalia, nimjue kafanana na nani. Jicho ni hili moja, baba. Hili silitoi kwa ajili ya mtu.”

Kijana anamtazama mama yake jicho la kushoto, lile lisilomwona, kisha anatoka nje.