Fundi wa Mahema Asiyetazama Nyumbu Wakivuka

Saa tatu na nusu asubuhi, kambi imebaki tupu. Wageni wote kumi na wawili wako ukingoni mwa mto, kamera mkononi, wakingoja nyumbu waingie majini. Kwenye kivuli cha hema la jikoni, mwanamke wa miaka arobaini na tisa ameinamia cherehani ya mkono, anabadilisha zipu ya hema namba tano.

Ghafla kelele zinapanda. Nyumbu wameanza kuruka. Kwato zinanguruma kama lori linalomwaga kokoto, wageni wanashangilia, na mpishi anaacha sufuria motoni na kukimbilia kuona. Fundi hainui kichwa. Anazungusha mkono wa cherehani mpaka mshono ufike mwisho, kisha anakata uzi kwa meno.

"Nimewaona wakivuka mpaka macho yamechoka," anasema. "Siku hizi nasikiliza tu. Wakinyamaza najua wamemaliza, nachukua hema lingine."

Kambini wanamwita Mama Turubai. Kwa miaka kumi na tisa ameishi na kambi hii inayohama. Nyumbu wanafuata mvua, kambi inawafuata nyumbu: mahema kumi na manne, malori mawili, vituo vinne kwa mwaka. Kila kituo kina mateso yake. Uwandani upepo unakata kamba, msituni nyani wanachana vyandarua, na kuna mwaka fisi alitafuna mlango wa hema la kuogea. "Mgeni alisahau sabuni inayonukia nazi," anaeleza. "Fisi naye akataka kuoga."

Vyote hivyo huvishona yeye. Nyumbani hukaa wiki tisa tu kwa mwaka.

Miaka kumi na sita kati ya hiyo alifanya kazi pamoja na mume wake, dereva wa lori kubwa. Walilala katika hema dogo alilolishona kwa vipande vya mahema yaliyochoka. "Madirisha yake hayakufanana hata moja. Alikuwa ananitania: fundi gani wewe, wageni unawashonea nyumba, mimi unanishonea viraka."

Miaka mitatu iliyopita kambi ilikuwa inavuka mto huu huu, kwenye kivuko hiki hiki cha nyumbu. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha milimani. Maji yalishafunika mawe matatu ambayo madereva huyatumia kama kipimo. Lakini redioni ofisi ilisisitiza: wageni wanatua kesho, mahema yawe ng'ambo leo.

Mume alimwambia ashuke, asubiri gari dogo. Wakabishana.

"Nikamwambia, kama kuna hatari basi tusivuke wote. Akasema, 'Nyumbu laki ngapi wamepita hapa, mke wangu, mimi mmoja ndiye nitashindwa?' Nikashuka kwa hasira, nikabamiza mlango. Sikumuaga."

Aliyekuwa utingo wa lori hilo ndiye dereva wa sasa. Anasimulia huku akifuta kioo ambacho hakina vumbi.

"Gurudumu la mbele lilitumbukia. Lori likalala ubavu polepole, kama ng'ombe anayejilaza. Mimi nilikuwa juu ya mzigo, nikarushwa, nikadaka tawi. Mlango wake yeye ulikuwa upande wa chini." Anakunja kitambaa. "Nilimwita. Aliitika mara moja tu."

Lori lilivutwa siku ya nne. Ndani hapakuwa na mtu.

Kwa kuwa mwili haukupatikana, fundi hana cheti cha kifo. Kwenye ofisi ya vizazi na vifo aliambiwa asubiri miaka saba. Bila cheti hawezi kuandikisha kiwanja chao kwa jina lake wala la binti yao.

"Kijana wa dirishani akaniuliza, 'Mama, una uthibitisho gani?' Nikamwambia, mwanangu, mamba hatoi risiti. Akacheka. Halafu akaona mimi sicheki, akafunga daftari."

Wengi walidhani ataacha kazi. Binti yake, anayesomea uuguzi, alimsihi arudi nyumbani. Alikataa, kwa sababu hakuna kazi nyingine ya kumfikisha hapa. Kila mwaka kambi husimama kando ya mto huu wiki tatu, na chini ya kivuko kuna kona ambako mto hutupa ulichobeba. Nyumbu wanaozama hukwama pale kwa makumi, tai wakiwagombania. Jioni, akimaliza kushona, askari wa wanyamapori humsindikiza na bunduki yake.

Mwaka wa kwanza hawakuona kitu. Mwaka wa pili aliona ncha ya turubai ikichomoza kwenye matope.

"Askari akasema, 'Dada, kambi ni nyingi, mahema ni mengi.' Nikamwambia, huu mshono ni wangu. Kwenye pembe narudia mara mbili, na ule wa pili hupinda kushoto, kwa sababu kidole hiki kiliwahi kuvunjika."

Walifukua kwa mikono mpaka jua likazama. Lilikuwa turubai la lori, zima, pamoja na kamba zake. Chini yake palikuwa na mchanga.

Sasa hata kona hiyo anaipoteza. Wiki iliyopita msimamizi wa kambi aliwakusanya wafanyakazi. Kwa misimu miwili makundi makubwa yamekuwa yakivukia mbali, juu ya mto, na wageni waliotarajia maelfu wanaondoka wameona mamia. Msimu ujao kambi haitasimama hapa.

"Bosi hana kosa," anasema fundi. "Kambi inafuata wanyama. Haifuati wafu."

Zimebaki siku sita.

Jioni mwandishi wa makala haya anawafuata yeye na askari hadi konani. Harufu ya mizoga inakaba koo. Fundi anachokoa matope kwa kigingi cha hema, hatua kwa hatua, huku askari akiwachunga mamba waliojianika ng'ambo. Anaokota kitu cheupe, anakipangusa kwa kanga yake, anakigeuza. Ni mfupa wa ndama wa nyumbu. Anaurudisha chini taratibu, kana kwamba una mwenyewe.

"Dada, jua linazama," anasema askari baada ya nusu saa. Fundi anageuka bila kubisha.

Njiani anaeleza mpango wake. Ameomba ruhusa ya kumleta mama mkwe wake, mwenye miaka sabini na minane, ambaye mpaka leo hajakubali kwamba mwanawe amekufa. Fundi kila anaporudi likizo, ajuza huyo hutoka mlangoni, huchungulia nyuma ya bega lake na kuuliza, "Umemwacha wapi?" Siku akichafukwa, humwambia wamegombana na amemficha mwanawe.

"Nimemweleza mpaka maneno yameniishia. Nataka aone maji yenyewe. Akisimama pale ukingoni ataelewa, ataacha kungoja. Angalau mmoja wetu aache."

Msimamizi amekubali: siku moja, kabla ya wageni wapya kufika. Bibi atakuja kwa basi na mjukuu wake, yule anayesomea uuguzi, na keshokutwa dereva, yule aliyekuwa utingo, atawapokea stendi. Aliomba atumwe mtu mwingine. Lakini dereva wa lori la pili yuko likizo, na hakuna mwingine.

Mtandao wa simu hapa hushika juu ya paa la lori tu. Kabla ya giza, fundi anapanda, anapiga, anaweka spika ili mkono mmoja ubaki wa kujishikilia. Sauti ya ajuza inasikika mpaka chini, changamfu kama ya msichana.

"Nimeshafunga mzigo! Nimempakilia mumeo na sweta lake, lile la buluu. Huko kwenu asubuhi si kuna baridi?"

Dereva, aliyeegemea gurudumu, anatazama viatu vyake.

"Haloo? Mwanangu, unanisikia?"

"Nakusikia, mama," anajibu. "Kuna baridi. Lilete."