Siku Mwizi Alipoandika kwa Jina Langu

Kabla ya kuibiwa, mimi ndiye niliyekuwa nikiwafundisha wengine. Kwa miaka ishirini na kitu nilikuwa karani katika ofisi ya mawakala wa forodha kule Kilindini, kazi yangu kusoma makaratasi ya watu na kutafuta palipojificha uongo. Nilipostaafu nikarudi Mji wa Kale kukaa na mama yangu, ujuzi ule nikauhamishia kwenye simu. Majirani walinijia na simu mkononi, wengine wakiwa bado na unga wa chapati vidoleni.

"Hebu nitazamie," mmoja aliniambia. "Wanambia nimeshinda gari."

"Ulicheza bahati nasibu?"

"Mimi? Astaghfirullah!"

"Basi gari umelishindaje?"

Akaifuta ile meseji kwa masikitiko, maana nadhani alikwisha kuliegesha gari lenyewe mlangoni.

Mama yangu, ambaye anakaribia miaka themanini na ana simu ndogo ya vitufe, alisumbuliwa zaidi na zile sauti zilizorekodiwa. Simu ikilia, huitikia kwa heshima zote, amuulize mpigaji hali yake na ya watu wake. Sauti ya upande wa pili huwa haisikii, inaendelea na habari zake za mikopo na zawadi. Siku moja aliiweka simu chini akiwa amenuna. "Mwanamke huyu hakufunzwa kwao," alisema. "Namuuliza habari za watoto, yeye yuwanena tu." Nilimweleza kuwa ile ni mashine. Akasema hata mashine imetengenezwa na mtu, na mtu huyo ana mama.

Basi siku yenyewe ilikuwa Jumatatu, saa tatu hivi za asubuhi. Binti yangu aliyeko Nairobi alikuwa amenitumia cherehani kwa basi, nami nilikuwa nangoja simu kutoka ofisi ya mizigo ya Mwembe Tayari. Simu ikalia, namba nisiyoijua.

"Asalaam aleikum, mama. Nakupigia kutoka ofisi ya mizigo. Una mzigo wako unaoungoja?"

"Naam, mwanangu. Cherehani."

"Ndiyo, ndiyo, cherehani. Iko hapa mbele yangu."

Cherehani nimemtajia mwenyewe, kisha nikafurahi kusikia anaijua! Akaniambia wamenitumia namba ya tarakimu sita kwa meseji, nimsomee ili ahakikishe ndimi, wasije wakampa mtu mwingine. Nikavaa miwani nikamsomea, polepole, tarakimu moja moja, na ya mwisho nikamrudilia asije akaikosea. Akanishukuru sana. Hata dua aliniombea.

Dakika mbili baadaye ule mtandao ninaotumia kuandikiana na jamaa ulinitoa. Nikijaribu kuingia, wanikataa. Hapo ndipo nilipoisoma ile meseji yote, si namba peke yake, na chini yake imeandikwa wazi: usimpe mtu yeyote namba hii. Nilikaa kitandani, simu mapajani, nikawa sitaki hata mama ajue.

Simu ya kwanza ilitoka kwa mama mdogo, mdogo wake mama, anayekaa Kibokoni.

"Wewe umepatwa na nini?"

"Kwani vipi?"

"Nimeletewa maandishi yenye jina lako. 'Sasa, uko na elfu tano nikurudishie jioni?' Tangu uzaliwe hujapata kunambia sasa. Hakuna salamu, hujauliza magoti yangu yameamkaje. Nikasema huyu hakulelewa na dadangu."

Nikamweleza. Alicheka, kisha akajizuia, kisha akacheka tena. Baada yake jamaa walipiga kwa mfululizo. Yule mwizi alikuwa amemwandikia kila mtu niliyekuwa naye kwenye simu, na kila aliyepiga alikuwa amemgundua kwa njia yake. Binamu yangu mmoja, mwalimu wa Kiswahili, alikuwa amemsahihishia barua nzima na kumrudishia.

Mama alikuwa amesimama mlangoni muda wote, amesikia yote. Hakunilaumu. Alikwenda akaleta daftari lake la namba za simu, lenye jalada lililoungwa kwa uzi, tukaanza kuwapigia wale ambao hawajapiga, mmoja baada ya mwingine. Ilipokaribia adhuhuri akaniuliza, "Wifi yako umempigia?"

"Yule hawezi kutuma kitu. Hata salamu zangu hazitaki."

Wifi yangu ni mke wa marehemu kaka yangu, anakaa Bondeni, mwendo wa miguu tu kutoka kwetu. Tulikuwa hatusemezani kwa mwaka wa pili. Katika harusi ya mwanawe aliajiri mpishi wa kukodi badala ya kutuita sisi wa nyumbani, nami, mbele ya wageni, nikasema ile pilau ni ya hospitali. Naye akanijibu mbele ya wageni hao hao kwamba nimezoea kutafuta makosa kwenye makaratasi ya watu. Tangu hapo tukikutana ni matangani, tunapeana ncha za vidole.

Nilikuwa bado naitazama namba yake daftarini niliposikia hodi chini. Nikashuka. Alikuwa ni yeye, anahema, buibui limekaa upande, kikapu mkononi.

"Mama yuko wapi?" aliuliza. "Hospitali gani?"

"Mama yuko juu. Hana neno."

"Si umeniandikia ni mgonjwa? Nimetuma pesa zote zilizokuwamo kwenye simu, nikaona hazitatosha, nikaja mwenyewe."

Nilimweleza pale pale chini ya ngazi. Nilingoja anikaripie, na ningestahili. Yeye alikaa kwenye kidato cha kwanza akakiweka kikapu miguuni.

"Kwa hivyo hakuna mgonjwa?"

"Hakuna."

"Mama mzima kabisa?"

"Mzima."

"Alhamdulillahi," alisema, akafumba macho kidogo.

Nilimwomba anionyeshe alichoandikiwa. *Nisaidie, mama mgonjwa sana, tuma haraka kwa namba hii, yangu imeharibika.* Basi, ni hayo tu.

"Na hukushuku? Mimi na wewe, miaka miwili?"

"Nilishangaa," alisema. "Lakini nikasema, akiniomba mimi, basi shida imemfika shingoni. Sikutaka kuanza kukuuliza maswali."

Nililia, sitaficha. Akanivuta nikakaa karibu naye kwenye kidato, na ngazi zetu ni nyembamba, ikabidi tubanane. Hapo mimi nikaanza kusema kuhusu ile pilau, kwamba sikupaswa kusema vile mbele za watu.

"Ilikuwa mbaya," alisema. "Nilijua tangu kijiko cha kwanza. Ningekwambia vipi?"

Mama akajibu kutoka juu, "Hata chumvi haikuwamo! Ndooni juu, mbona mwakaa vidatoni kama wageni?"

Kikapuni mlikuwa na supu ya kuku aliyomletea mgonjwa. Tuliinywa sisi watu watatu wazima, na ndimu.

Mengine yalikwenda polepole. Binti mmoja wa duka la simu alinisaidia kuripoti, na baada ya siku mbili nikarudishiwa akaunti yangu. Cherehani ilifika salama siku ya pili, na karani wa kweli hakuniuliza namba yoyote ila kitambulisho. Pesa za wifi hazikupatikana. Nilimpelekea zangu badala yake, akazikataa. "Nilimtumia mama," alisema, "sikukutumia wewe." Jamaa tumekubaliana kwamba mwenye shida apige simu tuisikie sauti yake, na majirani wanaponiletea simu zao siku hizi, naanza kwa kuwasimulia ujinga wangu mwenyewe. Naona wanasikiliza zaidi kuliko zamani, na wawili watatu wamenifungulia yao, waliyokuwa wameyaficha hata kwa waume zao.

Wifi huja kila Alhamisi asubuhi. Tunakanda mahamri pamoja, mama amekaa kwenye kigoda anatusimamia. Wifi hutia iliki nyingi kuliko nipendavyo. Alhamisi iliyopita nilimwambia, tukabishana vizuri mpaka mafuta yakawa tayari, kisha akatia iliki kama alivyotaka, nami nikala manne.