Kicheko cha Mzee Otto

Songea hakuna mtu anayehudhuria harusi nyingi kama Kajetani, wala anayerudi nyumbani peke yake kwa uaminifu kama yeye. Ana miaka thelathini na tisa, droni moja, na chumba cha kupanga mtaa wa Mfaranyaki chenye kibao mlangoni: MFALME WA ANGA. Mfalme mwenyewe hula ugali wa jana huku akitazama maharusi wa watu kwenye kompyuta. Anawajua mpaka shangazi zao. Wao wanamjua kama yule wa kile kidude kinachovuma kama nyigu.

Alasiri moja aliingia Mama Hilda, mjane kutoka Madaba, amejitanda kitenge cheusi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nimefuata kicheko cha mume wangu."

Mumewe, Mzee Otto, alikuwa hana meno ya mbele, na tangu yamtoke hakuna kamera iliyomkuta kinywa wazi. Lakini kwenye harusi ya mpwa wao, akicheza ngoma ya lizombe, droni ya Kajetani ilimpita juu. Mzee akasahau, akainua uso, akacheka. Wiki tatu baadaye akafariki. Sasa Jumamosi ni misa ya arobaini, na picha pekee ya kuweka mezani ni ya kitambulisho, amenuna kama mtuhumiwa.

Kajetani akafungua video ambayo hakuwa ameigusa tangu harusi. Imeungua kwa mwanga uliozidi. Mashati, mahindi, bibi harusi, vyote vyeupe pe, utadhani Madaba nzima imepalizwa mbinguni kwa mkupuo.

"Ngoja nishushe mwanga, mama."

Akashusha taratibu. Mikunjo ya shati ikarudi. Ikarudi hata kalamu mfukoni. Pale penye uso pakabaki doa la kijivu. Mwanga uliozidi hushushwa. Palipoungua kabisa, kamera haikushika kitu, na kisichokuwepo hakishushwi. Kajetani alilijua hilo vizuri. Kwa aibu akakimbilia programu inayobuni nyuso, ikamletea Otto mpya mwenye meno thelathini na mawili.

"Nani huyu?"

"Mzee, mama."

"Mzee gani? Huyu mbunge! Kwani iliunguaje?"

Akarudisha video mwanzo kabisa. Droni inanyanyuka kutoka kivulini, chini ya turubai, na aliyesimama pale ni Kajetani, kila udevu unahesabika. Hapo ndipo alipoipimia kamera mwanga na kuufunga usibadilike, kisha akairusha droni juani na mwanga uleule wa kivulini.

"Kumbe wewe ndiye uliyetoka vizuri," alisema Mama Hilda. Hakuwa na hasira, na ndiyo maana iliuma. Akaisogelea skrini. "Mbona siku ile sikukuona? Ulikula?"

Kajetani akajaribu kukumbuka. "Sikula, mama. Nilikuwa juu."

"Haya, rudisha anapocheza. Usimtie uso."

Otto asiye na uso akainua mguu wa kushoto, akauchelewesha hewani kidogo, akakita. Hakukuwa na sauti. Droni hairekodi ngoma. Mama Hilda akatazama mara nne.

"Hivyo ndivyo alivyokuwa anachelewa kila kitu," akasema. "Nitilie kwenye simu. Mezani nitaweka ya kitambulisho, anune. Hii yangu. Na Jumamosi uje, bila hicho kidude."

Jumamosi Kajetani akaenda. Alikaa kwenye benchi la mwisho kanisani, mikono haijui pa kukaa bila rimoti. Baada ya misa akapewa sahani ya pilau, na mzee wa jirani akamsogelea.

"Wewe nani wa marehemu?"

"Mpiga picha tu, mzee."

Yule mzee akageuka, akaitazama picha ya kitambulisho pale mezani, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Umemtoa vizuri sana. Ndiye yeye kabisa."

Kajetani akatafuna, akameza.

"Asante, mzee."