Vipande Vitano vya Rehema

Mgebuka wa kukaanga, samaki wa ziwa letu, ana harufu yake, na mgebuka wa kukaanga aliyefungwa kwenye karatasi yenye maandishi ana harufu nyingine kabisa: mawese ya moto, chumvi, na wino unaoanza kuyeyuka. Wenzangu wakiisikia harufu hiyo hutokwa na mate. Mimi hupandwa na hasira.

Nitakueleza sababu, msomaji wangu, lakini kwanza ujue walivyosema. Walisema sitarudisha vipande vya kitabu nilivyoazima. Zaituni, fundi cherehani wa mtaa wetu wa Mwanga, alisema vipande vyake atavipata siku ziwa litakapokauka. Baba mdogo Rajabu, mdogo wake marehemu baba, alisema mbele ya watu kwamba mtoto wa kiume anayelilia hadithi za mapenzi ataishia kuwapungia wenzake nzi. Leo nina stashahada ya ukutubi, nimeipata bila mjomba ofisini, na nimerudi Kigoma kwa nauli yangu. Nina duka la vitabu pale pale Mwanga, rafu nimezipigilia misumari kwa mkono huu. Rafu moja nzima ni riwaya za mapenzi za vijana. Asiyezipenda apite, barabara ni pana.

Nilikuwa darasa la sita. Shuleni vitabu vilikuwa ndani ya kabati lenye kufuli, na ufunguo alikuwa nao mwalimu ambaye kila siku alikuwa ameusahau nyumbani. Kwa hiyo tulisoma kwa njia yetu. Zaituni, ambaye wakati ule alikuwa bado anajifunza ushonaji, alinunua riwaya moja safarini, stesheni ya Tabora, wakati treni imesimama. Iliitwa *Barua Mbili za Rehema*. Kitabu kimoja, na wenye hamu walikuwa wengi. Alichofanya Zaituni ni kukikata kwa wembe vipande vitano, kila kipande akakishona kwa uzi wa wavu na kukivika jalada la karatasi ya mfuko wa saruji. Ukimaliza kipande chako unampelekea mwenzako, naye anakupa chake. Ndivyo riwaya nyingi zilivyosomwa Mwanga. Kitabu kilichobaki kizima kilikuwa kitabu cha mchoyo.

Kundi lilikuwa la watu wachache. Zaituni mwenyewe. Mapacha Kulwa na Doto, waliokuwa kidato cha pili. Karani mmoja wa serikali aliyehamishiwa kwetu kutoka Mbeya, mtu mzima mwenye tai, aliyeficha kipande chake ndani ya faili la ofisi. Aliponipa alikuwa akitazama dirishani. "Ukiulizwa, mimi sikujui," alisema. "Na huyo Daudi, akimwacha huyo binti, nitaandika barua mimi mwenyewe." Na mimi, mvulana pekee, mdogo kuliko wote. Niliamini nimekubaliwa kwa sababu ya sauti yangu. Nilikuwa nasoma vizuri, bila kigugumizi, na nilijua.

Ilikuwa hadithi gani? Rehema alikuwa msichana wa kidato cha tatu, Daudi kijana fundi redio. Walipendana kwa kuandikiana vikaratasi vilivyofichwa ndani ya redio mbovu. Kisha ami yake Rehema akamtoa shule ili aolewe na mfanyabiashara. Wanaocheka vitabu vya namna hii hawajawahi kuketi wakisubiri kuona kama kikaratasi kitafika kabla redio haijauzwa. Mimi niliketi. Moyo wangu ulipiga kama injini ya boti. Nilikwenda kisimani na Rehema, nikarudi na ndoo nusu. Mpaka leo hakuna mtu wa kuniambia kwamba mapenzi ya vijana ni upuuzi. Katika vipande vile ndimo nilimojifunza kwamba mtu anaweza kusema hapana kwa adabu, na iwe hapana kweli.

Mama alikuwa anaanika dagaa ufukweni Katonga. Aliishia darasa la pili, na herufi zilikuwa zimemtoka zote isipokuwa zile za jina lake. Jumamosi nilikwenda kumsaidia kugeuza dagaa mchangani, na nikichoka niliketi juu ya ndoo nikawasomea, yeye na wanawake wenzake. Wasikilizaji wale hawakuwa na utulivu hata kidogo. Rehema akilia, wao wanatukana.

"Yemwe! Huyo ami hana mama?" mmoja alikuwa akimaka.

"Anaye. Na roho hiyo mbaya ameirithi kwake," mwingine hujibu, na mikono haiachi kugeuza.

Mama hakutukana. Yeye alikuwa na swali moja tu, kila Jumamosi, tangu Rehema alipovuliwa sare. "Shule je? Wamemrudisha?" Nilimjibu bado, mama. Alitikisa kichwa na kuendelea na dagaa wake.

Baba mdogo Rajabu alikuwa msimamizi wa boti, na alipenda kupita pale kifua wazi, na redio ndogo begani. "Wenzako wanacheza mpira," aliniambia siku moja, "wewe umekaa na wanawake unasoma nakupenda-nakupenda. Shemeji, huyu umemzaa au umemshona?" Wanawake walicheka kidogo, kwa sababu alikuwa msimamizi. Mama hakucheka.

Basi zikaja habari kwamba hadithi ya Rehema imetengenezwa filamu, sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, na zote mbili zitaonyeshwa Jumapili kwenye banda la video la Mwanga. Mji mzima ulichangamka. Nikawaza jambo la kishujaa: kabla ya filamu, wanawake wa Katonga wasikie kitabu chote, kutoka mwanzo mpaka mwisho, kwa siku moja. Kwa hilo nilihitaji vipande vyote vitano. Havikuwahi kuwa mikononi mwa mtu mmoja tangu vikatwe. Nikapita nyumba kwa nyumba nikiomba na kuapa. Mapacha walinipa viwili, karani kimoja, na Zaituni akanipa cha kwanza na cha tano, cha tano akiwa bado anakishikilia huku mimi nakivuta.

"Kesho asubuhi," alisema. "Kikipotea, usinione."

Hicho cha tano nilikisoma njiani, nikitembea, nikijigonga kwa watu. Rehema alikuwa stendi ya basi na barua mbili mkononi, moja ya Daudi na moja ya shule. Nilifika Katonga nikiwa najua mwisho, nimeufunga kinywani kama pipi.

Jumamosi hiyo nilisoma tangu saa tatu asubuhi. Kipande cha kwanza, cha pili, cha tatu. Wanawake walianza kuketi. Kipande cha nne kilipoisha, mama alikuwa amekuja karibu mpaka kivuli chake kiko juu ya karatasi. Ndipo wingu likatokea upande wa Kongo.

Asiyejua dagaa hajui maana ya wingu. Dagaa wakinyeshewa wakiwa nusu wakavu huoza, na kazi ya wiki inakwenda. Watu wote waliruka wakakimbilia kukusanya. Nami niliruka. Vipande vitano vilikuwa mkononi mwangu, matone yameanza, na karibu yangu, chini ya kibanda cha mkaanga samaki, alikuwa amesimama Baba mdogo. Nikampa. Mimi mwenyewe, kwa mikono miwili, kama tunavyofundishwa kumpa mkubwa kitu.

"Nishikie, Baba mdogo, visilowe."

"Lete," alisema.

Mvua ilipopita nilirudi. Mkaanga samaki alikuwa ameishiwa magazeti, na abiria wa boti ya kwenda Ilagala walikuwa wamejaa kibandani wakitaka migebuka wa kula njiani. Juu ya meza, kando ya karai, kulikuwa na majalada matano ya mfuko wa saruji, matupu, na nyuzi za wavu zimekatwa. Nilimwona mzee mmoja akitafuna kichwa cha mgebuka, na chini ya kidevu chake, mafuta yakichuruzika, nikasoma jina la Daudi.

"Ulisema visilowe," alisema Baba mdogo. "Havikulowa maji." Akacheka mpaka redio ikamtoka begani.

Nilikimbilia boti. Nilipita kwa abiria mmoja mmoja, nimesimama ndani ya maji mpaka kiunoni. "Shikamoo, naomba karatasi. Shikamoo mama, naomba karatasi yako." Wengine walidhani ni wazimu, wengine walinipa karatasi na miba yake. Mwanamke mmoja alisema, "Ngoja nimalize kusoma," akacheka na wenzake, kisha akaitupa ziwani makusudi. Boti iliondoka. Nilibaki na kurasa kumi na moja zilizopenyeza mwanga kwa mafuta, na hakuna hata moja ya kipande cha tano.

Zaituni hakunipiga. Alitazama zile kurasa, akazishika kwa ncha za vidole, akasema yale maneno ya ziwa kukauka. Mapacha waliacha kunisalimu. Karani, kama alivyoahidi, hakunijua. Na Zaituni, aliyekuwa anajua mwisho, alikataa kumwambia mtu. Ukimuuliza alijibu, "Muulizeni aliyekula kitabu." Nami aibu ilinizuia kumwambia hata mama; nilijua Jumapili filamu itausema mwisho.

Jumapili nilijipenyeza bandani. Wanawake wa Katonga walikuwapo wote, hata mama, amevaa kanga yake ya Idi. Filamu ilianza, na Rehema alikuwa na nywele za bandia mpaka mgongoni na kucha nyekundu, msichana wa kidato cha tatu! Redio mbovu haikuwapo. Vikaratasi havikuwapo. Walipigiana simu. Nilivumilia. Ikafika stendi ya basi. Rehema akaichana barua ya shule bila hata kuifungua, Daudi akashuka kutoka kwenye gari jeusi ambalo kitabuni hakuwa nalo wala asingeweza kuwa nalo, na harusi ikaanza, na muziki. Banda zima likapiga vigelegele.

Nilisimama juu ya benchi. "Uongo! Sivyo ilivyoandikwa! Alirudi shule! Daudi alimngoja!"

"Kaa chini, mtoto wa migebuka," mtu alipaza sauti, na banda likaangua kicheko, kwani habari yangu ilishafika. Mwenye banda alinishika ukosi akanitoa nje.

Jioni nilimwambia mama ukweli. Nilimsimulia kipande cha tano neno kwa neno kadiri nilivyokumbuka: jinsi Rehema alivyoirudisha barua ya Daudi mfukoni na kupanda basi la shule. Alinisikiliza, akanifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Asante, baba," alisema. "Unanipoza. Lakini sisi tumeona kwa macho."

Hakuuliza tena habari za shule ya Rehema. Hilo ndilo lililoniuma kuliko banda, kuliko boti. Waliomtengenezea filamu walimtoa Rehema shule mara ya pili, na safari hii mama aliamini.

Niliondoka Kigoma na hasira hiyo, na ndiyo iliyonisomesha. Wengine wanasoma kwa ada, mimi nilisoma kwa ada na hasira. Nilibeba mizigo sokoni, nikarudia mitihani, nikaingia chuo, nikatoka na cheti chenye muhuri. Katika maktaba nilikopelekwa kwa mafunzo ya kazi walikuwa wakiondoa vitabu vichakavu. Ndani ya boksi, chini ya kamusi isiyo na jalada, nilimkuta. *Barua Mbili za Rehema*, mzima. Nilimwomba mkubwa wa pale, akaniambia chukua. Nilifungua mwisho kwanza, nimesimama. Alirudi shule. Daudi alimngoja. Nilikuwa nimesema kweli, na nililia kwa hasira mbele ya wasomaji wa magazeti.

Chuoni walitufundisha kwamba mkutubi hakati kitabu, hata kama kinamfia mikononi. Niliporudi nyumbani nilinunua wembe. Nilikata vipande vitano, nikavishona kwa uzi wa wavu, nikatafuta mifuko ya saruji kwa fundi mwashi. Sikuazima kitabu. Niliazima vipande, na nilirudisha vipande.

Kulwa alipokea chake na cha Doto, akaita wanawe waje kuona. Karani, mstaafu sasa, alitazama dirishani kwanza, halafu akakitia ndani ya koti. Zaituni ana cherehani nne na mafundi watatu. Nilimpa cha kwanza na cha tano, nikamkumbusha, kwa sauti ili mafundi wasikie, kwamba ziwa bado lipo pale pale, limejaa. Nikamwambia pia kwamba hata utotoni alijua kipaji changu, ndiyo maana alinipokea kundini kwa sauti yangu tu.

Zaituni aliacha mkasi. "Sauti gani? Ulikuwa unapiga kelele kama kengele ya mbuzi. Mama yako alikuwa ananiletea kisado cha dagaa kila Ijumaa ili uazimwe vipande. Alisema nisikwambie, utajisikia vibaya."

Miaka yote nilihesabu walioniazima, na aliyeniazima kuliko wote sikumtia kwenye hesabu, tena ndiye niliyemwacha na mwisho wa uongo.

Zaituni alinirudishia kipande cha tano. "Hiki si changu," alisema. "Peleka."

Nilimkuta mama Katonga, bado anaanika, ingawa nimemkataza. Nikageuza ndoo nikaketi. "Mama, hiki ndicho kile cha tano. Tazama, kimeandikwa." Alikaa mchangani, mikono ina magamba. Nikaanza kusoma, stendi, barua mbili. Nilipofika pale Rehema anaitoa barua ya shule kwenye bahasha, nikaona mguu. Baba mdogo Rajabu, mzee sasa, bila boti, bila redio, alikuwa amesimama nyuma ya chanja, ametega sikio. Nikashusha sauti ili asisikie hata herufi moja.

"Paza, baba," mama alisema, bila kugeuka. "Sikusikii."

Nilimtazama yule mzee. Hasira ilikuwa pale pale, nzima, haijapungua hata tone. Kisha nikapaza, kwa sababu deni lilikuwa la mama. "Rehema akapanda basi," nilisoma.

"La shule?" aliuliza mama.

"La shule."

"Ego," alisema, yaani ndiyo, kwa Kiha cha kwao. Akainuka, akarudi kwa dagaa wake, akaanza kugeuza upande wa pili.