Makundi Mawili ya Damu

Mwaka niliotengeneza programu ya wachangia damu kwa hospitali moja ya mjini, nilimshuku mama wa watu bure. Alikuwa karani wa masjala, mkaazi wa Ng'ambo, aliyeanza kuandika majina ya wachangiaji kwa mkono kabla mimi sijaingia skuli. Kompyuta hakuitaka, wala hakuficha.

Wiki ya pili ya kuitumia programu, wauguzi walilalamika kwamba majina yanapotea. Nikafungua kanzidata, ghala la kumbukumbu za programu, nikayakuta yote. Kesho yake nikaambiwa yamepotea tena. Nikamfikiria yeye. Nilichunguza saa alizoingia kwenye programu, nikawa napita mlangoni pake bila shughuli. Mara mbili nilimwona akifunga daftari upesi, akalitia kwenye mtoto wa meza na kugeuza ufunguo. Nikajisemea, huyu ananihujumu.

Asubuhi moja akaletwa mwanamke aliyejifungulia nyumbani Mtoni, anatokwa na damu nyingi. Kundi lake lilikuwa A, kwa hiyo angemfaa mtu wa A au wa O. Muuguzi akachagua yote mawili. Kompyuta ikajibu hakuna mtu. Karani akatoa daftari lake, akasoma majina matatu, akapiga simu. Mmoja alikuwa Darajani, akafika mbio. Damu ikapimwa, mgonjwa akaongezwa, akapona.

Nikamuuliza karani, kwa sauti ya hakimu, daftari lile la nini.

"Siiamini mashine yako, mwanangu," alisema. "Nkichagua kundi moja, inajibu. Nkichagua mawili, inanyamaza. Basi nnaandika, na kwa vile ni siri za watu, nnalitia ufunguo."

Nilirudi mezani, nikaifungua programu. Swali langu kwa kanzidata lilikuwa na nafasi moja tu ya kujaza kundi. Mtu akichagua mawili, programu iliyaunganisha kwa alama ya mkato na kuyatia yote humo, kanzidata ikamtafuta mtu ambaye kundi lake linaitwa "A,O". Mtu huyo hajazaliwa. Nikaandika upya: ihesabu kwanza makundi yaliyochaguliwa, iweke nafasi kwa kila moja, kisha ijaze moja moja. Pasipochaguliwa kitu, isiulize.

Nikaenda kumwomba radhi, nikamweleza hata zile saa nilizomchunguza. Alisema ameshasamehe. Halafu akauliza itakuwaje akichagua makundi yote manne. Nikamwambia ajaribu. Akachagua yote, majina yakajitokeza, akaanza kuyahesabu kimoyomoyo, kidole juu ya kioo, nami nimesimama pembeni. Kiti hakunikaribisha.